King'ora cha kaboni monoksaidi kikitangazwa kibovu: namna ya kukikagua, kudai mbadala na kufunga kipya

Bonyeza kitufe cha majaribio, king'ora kikalia kwa nguvu, na bado hujajua lolote kuhusu sehemu yake iliyo muhimu kuliko zote. Katika ving'ora vingi vya nyumbani kitufe kile hupima betri, saketi na spika tu. Sensa yenyewe, ile inayoihisi kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu inayotoka kwenye vitu vinavyoungua, haiguswi. Ndiyo maana king'ora kibovu kinaweza kukaa ukutani miaka mitano, kikajaribiwa kila mwezi na kulia kila kikijaribiwa, halafu siku gesi ikija kikanyamaza kimya.

Ubovu wa namna hiyo mwenye nyumba hawezi kuugundua kwa macho. Hugunduliwa maabara, au malalamiko yanapokusanyika, kisha hutolewa wito wa kurejesha bidhaa: kiwanda kinatangaza modeli fulani, zilizotengenezwa tarehe fulani, na kueleza mteja atapewa nini. Kazi yako ni kujua kama chako kimo katika wito huo, kupata haki yako, na kuhakikisha nyumba haibaki bila ulinzi katikati. Taratibu nyingi hapa ni za Marekani, Uingereza na Ulaya, kwa kuwa huko ndiko vifaa hivi vimeenea. Vinavyosafirishwa kuja Afrika Mashariki vina sehemu yao chini.

Kama kinalia sasa hivi

Acha kusoma. Toa watu wote nje, hesabuni, kisha pigeni simu mkiwa nje: 911 Marekani na Kanada, Uingereza namba ya dharura ya gesi ni 0800 111 999, na 999 kama kuna mtu anajisikia vibaya. Msirudi ndani mpaka waliokuja na kipimo waseme hewa ni salama. Kufungua madirisha na kurudi kulala si suluhisho, kwa sababu boila au tanuri linalopasha nyumba joto bado linaendelea kutoa gesi.

Kuna kosa moja linalohusu wito moja kwa moja. Mtu amesikia kwamba king'ora cha aina yake kimetangazwa kibovu, basi kikilia anasema "hiki ndicho kile kibovu" na anatoa betri. Matangazo mengi ya ving'ora hivi yanahusu kifaa kinachonyamaza au kinachochelewa, si kinacholia ovyo. King'ora kilicho kwenye orodha kikilia, kichukulie kuwa kinasema kweli.

Jifunze milio pia. Kwa vifaa vya Marekani, milio minne, kimya, kisha minne tena ni kaboni monoksaidi. Mitatu mitatu ni moshi. Mlio mmoja mfupi kila baada ya sekunde 30 hadi 60 ni betri au umri wa kifaa. Dalili mwilini ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu bila homa. Zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja na kupungua wakitoka nje, tokeni hata kama king'ora kiko kimya.

Ubovu uko wa namna gani

Ukielewa kifaa kinavyofanya kazi, tangazo lolote utalisoma kwa urahisi. Ndani ya ving'ora vingi vya leo kuna sensa ya kemikali: kiseli kidogo chenye kimiminika, aghalabu tindikali. Kaboni monoksaidi ikiingia huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na gesi ikizidi, mkondo unazidi. Programu husoma mkondo huo na kupiga hesabu ya kiasi na muda, kisha huamua kulia. Hitilafu inaweza kukaa popote katika mnyororo huo, na matukio yaliyotangazwa yanaonyesha hivyo.

Mwaka 2014 kampuni ya Nest ilitangaza vifaa vyake vya Nest Protect, takriban 440,000 Marekani, vinavyopima moshi na kaboni monoksaidi kwa pamoja. Sensa hazikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ufundi wa kunyamazisha kengele kwa kupunga mkono: programu ingeweza kusoma mwendo mwingine kama mkono na kuchelewesha mlio. Dawa ilikuwa sasisho la programu kupitia intaneti lililozima uwezo huo, na hakuna aliyelazimika kuking'oa kifaa dari ili kukirudisha. Mwaka huohuo Kidde ilirejesha ving'ora vya kuunganishwa na umeme wa nyumba, vya moshi na vya moshi pamoja na kaboni monoksaidi, zaidi ya milioni moja Marekani, kwa sababu vingeweza kushindwa kutoa tahadhari baada ya umeme kukatika na kurudi. Mwaka 2016 ikaja zamu ya modeli KN-COSM-IBA ya Kidde NightHawk, iliyotengenezwa kati ya tarehe 1 Juni 2004 na 31 Desemba 2010. Hicho kilitakiwa kupiga mlio wa kuisha muda wake baada ya miaka saba. Mlio huo uliweza kukoma, na mwenye nyumba akadhani kifaa bado kizima.

Kuna na aina ya nne, ambayo siku hizi ndiyo inayotia wasiwasi zaidi: vifaa vya bei nafuu visivyo na kiwanda kinachojulikana, vinavyouzwa kwenye masoko ya mtandaoni kwa majina yaliyobuniwa. Mwaka 2022 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Watumiaji ya Marekani, CPSC, iliwaonya watu waache mara moja kutumia vifaa vya GLBSUNION na CUZMAK vilivyouzwa Amazon, baada ya kushindwa kulia maabara mbele ya gesi. Mwaka 2021 tume hiyohiyo ilikuwa tayari imeishitaki Amazon kuhusu bidhaa kadhaa, zikiwemo ving'ora vya kaboni monoksaidi takriban 24,000 visivyolia. Mwaka 2024 iliamua kwamba Amazon ni msambazaji kisheria, kwa hiyo inabeba wajibu wa kurejesha.

Hatua ya 1: kishushe usome mgongo wake

Uso wa kifaa hautoshi. Jina la kampuni mbele linaweza kufanana kwenye modeli ishirini, na wito ukahusu mbili tu.

Kama ni cha betri, kizungushe kinyume cha mwendo wa saa hadi kitoke kwenye bamba lake. Kama kimeunganishwa na umeme wa nyumba, zima kwanza breka ya sakiti hiyo, kizungushe, kisha bana ndimi za plagi nyuma yake na uivute. Usivute waya. Ngazi iwe imara na mtu awe chini. Hatari ya kazi hii ni ya kuanguka pia, si ya umeme tu.

Piga picha ya lebo yote kwa simu, karibu na kwenye mwanga, na picha nyingine ya uso wa mbele. Kisha andika mambo haya: jina la kampuni, namba ya modeli pamoja na kila herufi na kistari cha mwisho, tarehe ya kutengenezwa, namba ya mfululizo au ya kundi kama ipo, na tarehe ya kubadilisha, ambayo kwa kawaida huandikwa "Replace by". Andika pia alama za viwango unazoziona. Utazihitaji baadaye.

Herufi za mwisho ndizo zinazowapoteza wengi. KN-COSM-IBA si KN-COSM-BA. Kimoja ni cha umeme wa nyumba chenye betri ya akiba, kingine ni cha betri tupu. Wakati mwingine hata modeli ikilingana haitoshi: Kidde iliporejesha ving'ora vya TruSense takriban 226,000 mwaka 2021, vilihusika vile tu vilivyokuwa na nembo ya TruSense au maandishi "AMBER=FAULT" usoni. Kwa hiyo picha ya mbele ina kazi yake.

Tarehe nayo isome kwa makini. Wamarekani huanza na mwezi, kwa hiyo 06/01/2009 ni tarehe 1 Juni, si 6 Januari. Baadhi ya viwanda huandika namba ya wiki na mwaka. Ukikuta tarehe ya "Replace by" imeshapita, nenda moja kwa moja kwenye kununua kipya, kiwe kimo katika wito au hakimo. Sensa hudumu miaka mitano hadi kumi kutegemea modeli, na ikikauka hakuna wito utakaoifufua. Hata hivyo usikitupe bado, huenda unastahili fidia.

Usifungue kasha lenyewe kwa bisibisi. Hakuna cha kutengeneza mle, na kifaa kilichofunguliwa kinaweza kukukosesha mbadala.

Hatua ya 2: tafuta mahali sahihi

Usianze na mitandao ya kijamii wala tovuti ya duka. Anza na rejista ya serikali ya nchi ulikonunua. Marekani ni tovuti ya CPSC, cpsc.gov, sehemu ya "Recalls". Simu yao ya bure ni 800-638-2772. Kanada ni rejista ya Health Canada. Uingereza matangazo yako gov.uk chini ya Office for Product Safety and Standards. Nchi za Umoja wa Ulaya hutumia Safety Gate, iliyoitwa RAPEX zamani.

Tafuta mara tatu: kwanza kwa jina la kampuni, pili kwa namba ya modeli, tatu kwa neno la jumla, yaani "carbon monoxide alarm", kisha pitia picha. Utafutaji wa tatu ni wa lazima kwa vifaa vya mtandaoni, maana kifaa kilekile, kiwanda kilekile, huuzwa kwa majina matano. Ukiona picha ya kifaa kinachofanana na chako kwa umbo, skrini na mpangilio wa vitufe, lakini jina ni lingine, chukulia chako nacho hakiaminiki hata kama hakimo kwenye orodha. Hiyo si kanuni ya kisheria, ni tahadhari ya mtu anayetaka kuamka asubuhi.

Baada ya hapo ndipo uende tovuti ya kampuni. Kampuni nyingi zina ukurasa wa kuingiza namba ya modeli na tarehe na kujibiwa papo hapo. Fika huko kupitia kiungo kilichopo kwenye tangazo la serikali. Matapeli hutuma SMS za "bidhaa yako imerejeshwa, bonyeza hapa urudishiwe pesa". Wito halali haukuombi namba ya kadi ya benki kwa ajili ya "gharama ya posta", wala neno la siri.

Hatua ya 3: lisome tangazo hadi mwisho

Kwanza angalia kama ni wito au ni onyo tu. Wito una kampuni iliyokubali kuwajibika, na sehemu ya "Remedy" inayosema utapata nini: kipya, kutengenezewa, sasisho au pesa. Onyo hutolewa na serikali peke yake pale muuzaji alipokataa au hapatikani. Humo hutakuta namba ya kudai kitu, utaambiwa uache kutumia na utupe. Wengi hupoteza wiki nzima wakitafuta fomu ambayo haipo.

Pili, soma hatari yenyewe. Kama hatari ni kutolia, kifaa hakidhuru kwa kukaa ukutani. Kiache hadi kipya kifike, ila usikitegemee. Kama hatari ni betri kupata joto au kuwaka, kitoe nyumbani sasa, kiweke mahali pa wazi mbali na vitu vinavyoshika moto. Tangazo lenyewe husema kama uendelee kukitumia kwa muda au uache, na neno hilo ndilo la kufuata. Usiondoe kifaa kwa hasira ukabaki na tundu ukutani msimu mzima wa baridi.

Hatua ya 4: nunua cha kukuvusha leo

Mbadala wa bure unaweza kuchukua wiki kadhaa. Tanuri na boila havisubiri posta. Nunua king'ora kimoja cha betri leo, ukiweke karibu na vyumba vya kulala, na cha wito kikifika utakuwa na cha ghorofa nyingine.

Unachotafuta kwenye boksi ni kiwango. Marekani ni UL 2034, Kanada CSA 6.19, Uingereza na Ulaya EN 50291-1. Nembo ya CE peke yake haithibitishi kwamba kifaa kimepimwa kwa gesi, maana mara nyingi mtengenezaji hujibandikia mwenyewe. Pembeni ya EN 50291-1 tafuta nembo ya taasisi iliyopima, kama Kitemark ya BSI, taasisi ya viwango ya Uingereza. Kwa UL, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa bidhaa, namba ya faili ikiwepo itafute kwenye rejista yao ya mtandaoni, kwani nembo hughushiwa.

Viwango hivi vinasema kifaa kilie lini. Kipimo ni ppm, yaani sehemu ngapi za gesi katika sehemu milioni za hewa. UL 2034 inataka kifaa kilie ndani ya dakika 60 hadi 240 kwenye 70 ppm, dakika 10 hadi 50 kwenye 150 ppm, na dakika 4 hadi 15 kwenye 400 ppm. EN 50291-1 ni kali kidogo: dakika 60 hadi 90 kwenye 50 ppm, dakika 10 hadi 40 kwenye 100 ppm, na kisizidi dakika 3 kwenye 300 ppm. Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kifaa kizima kabisa kinaruhusiwa kukaa kimya kwenye 30 ppm. Kwa hiyo king'ora kutolia siku mlipohisi harufu ya moshi wa jiko si ushahidi wa ubovu, na kwa mjamzito, mtoto mchanga au mgonjwa wa moyo inafaa kununua kifaa chenye skrini inayoonyesha hata viwango vya chini.

Epuka vile vinavyodai kupima kaboni monoksaidi, gesi ya kupikia, joto, unyevu na vumbi kwa bei ya sahani ya chipsi. Orodha za maonyo zimejaa ndugu zao.

Hatua ya 5: dai haki yako

Jaza fomu ya kampuni au piga simu. Watahitaji modeli, tarehe ya kutengenezwa, idadi na anwani ya posta. Risiti mara nyingi haihitajiki, kwani lebo ndiyo ushahidi. Kama una vitano ndani ya nyumba vya aina moja, vidai vyote kwa ombi moja na ambatanisha picha ya kila lebo. Omba namba ya kumbukumbu, uiandike kwenye mkanda wa karatasi na kuubandika kwenye kifaa cha zamani.

Hapa watu hukwama kwa mambo matatu. La kwanza ni kutupa kifaa kabla kampuni haijasema. Baadhi hutaka kirudishwe kwa bahasha watakayokutumia, wengine hutaka picha ya kifaa kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwamba kimerejeshwa. La pili ni betri. Betri ya lithiamu iliyotangazwa kibovu hairuhusiwi kusafirishwa kwa ndege, kwa hiyo usiitumbukize kwenye bahasha ya kawaida. Fuata maelekezo ya kifurushi ulichotumiwa. La tatu ni kupokea punguzo la bei ukidhani ndicho kikomo. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya usalama wa bidhaa iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024 inamtaka anayerejesha akupe kwa kawaida chaguo kati ya angalau njia mbili: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa, na bila kukutoza gharama.

Kama ulinunua mtandaoni na muuzaji ametoweka, lidai soko lenyewe. Fungua historia ya manunuzi, tafuta oda, tuma kiungo cha onyo la serikali pamoja na picha ya lebo, na taja kwa maneno machache kwamba kifaa hakilii mbele ya gesi. Usiandike "sijakipenda", maana hapo utaambiwa muda wa kurudisha bidhaa umepita.

Mpangaji afanye nini

Usibadilishe kifaa cha umeme wa nyumba mwenyewe kabla ya kumwarifu mwenye nyumba. Mtumie kwa maandishi picha ya lebo, kiungo cha tangazo, na chumba kilipo. Kule England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba analazimika kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachochoma mafuta, kuni au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia, na kutengeneza au kubadilisha akiarifiwa kuwa kibovu. Akichelewa, baraza la mtaa ndilo la kulalamikia. Wakati unasubiri, nunua chako cha betri na uende nacho ukihama.

Hatua ya 6: kufunga kipya

Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa na huchanganyika nayo, tofauti na gesi ya mtungi inayotuama chini. Hivyo kuweka karibu na sakafu eti kwa sababu gesi ni nzito ni kukosea gesi.

Marekani weka kimoja kila ghorofa na nje ya kila eneo la kulala. Vijitabu vingi vya huko hutaka kikae kama futi 15, karibu mita 4.5, kutoka kwenye kifaa kinachochoma mafuta, ili kisilie kila tanuri linapowashwa. Uingereza mwongozo ni kukiweka ndani ya chumba chenye kifaa hicho, mita 1 hadi 3 kutoka kwacho: darini, angalau sentimita 30 kutoka ukutani, au ukutani, angalau sentimita 15 chini ya dari lakini juu ya mlango na madirisha. Chumbani kwa kulala kikae usawa wa pua ya aliyelala. Panapotofautiana, kijitabu cha kifaa chako ndicho kinachotawala, kwa sababu ndivyo kilivyopimwa.

Kisikae nyuma ya pazia, ndani ya kabati, bafuni, juu ya jiko, wala mbele ya feni au dirisha linalofunguliwa. Usikipulizie dawa ya mbu wala kukifuta kwa dawa za kusafishia. Mvuke wa silikoni, amonia, rangi na vimumunyisho huharibu sensa au kuifanya ilie ovyo. Ukipaka nyumba rangi, kihamishe hadi harufu iishe, na usisahau kukirudisha.

Kwa cha umeme wa nyumba, usilazimishe plagi ya zamani kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Huenda ikaingia huku waya hazilingani. Tumia plagi iliyokuja na kipya, na kama vifaa vya nyumba vimeunganishwa vilie kwa pamoja, usichanganye kampuni tofauti kwenye waya huo isipokuwa kijitabu kinaruhusu. Kama hujui waya upi ni upi, mwite fundi umeme.

Washa, subiri muda wa kupata joto uliotajwa kwenye kijitabu, bonyeza kitufe. Anayetaka kujaribu sensa yenyewe atumie gesi ya majaribio ya kopo iliyoidhinishwa kwa modeli hiyo. Kukipeleka kwenye bomba la moshi la gari au juu ya mkaa ni hatari kwako, na kiwango kikubwa kupita kiasi kinaweza kuiharibu sensa mpya. Mwisho andika tarehe ya kufunga ubavuni mwa kifaa kwa kalamu isiyofutika, na ukisajili kwenye tovuti ya kampuni. Usajili huo utawawezesha kukutafuta wito mwingine ukitokea.

Vifaa vinavyosafirishwa nyumbani

Mizigo inayotoka Minneapolis, London au Dubai kuja Mombasa, Dar es Salaam au Kampala hubeba na ving'ora vilivyotumika. Tunashauri visitumwe. Wito haumfikii mnunuzi wa tatu, umri wa sensa umeshaliwa, na vile vya umeme vya Marekani ni vya volti 120, wakati kwetu ni 230 au 240. Marekani kwenyewe kuuza bidhaa iliyo chini ya wito ni kosa kisheria, hata ikiwa mtumba unaouzwa uani mwa nyumba. Anayetaka kumnunulia mama yake huku kijijini anunue kipya cha betri chenye EN 50291-1, na anayekipokea akague namba ya modeli kwenye rejista ya nchi kilikotoka, kwa hatua zilezile za juu. Kikionekana dukani hapa modeli iliyotangazwa kule, peleka taarifa Shirika la Viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, pamoja na picha ya lebo na jina la duka.

King'ora kizima pia hakiwi ruhusa ya kulala na jiko la mkaa chumbani. Mkaa unaong'aa bila moshi ndio unaotoa gesi hii kwa wingi bila kukuonya, na kikilia usiku unaweza kukuta miguu haikubebi tena. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na milango na madirisha. Hita ya gesi ya kuogea isifungwe ndani ya bafu dogo lisilo na bomba la kutoa moshi nje.

Kama chako ni kibovu na hakuna wito

Wito huanza na taarifa za watu. Marekani andika kwenye SaferProducts.gov, Uingereza anza na huduma ya ushauri kwa watumiaji ya Citizens Advice, inayofikisha taarifa kwa maofisa wa Trading Standards, wanaosimamia sheria za biashara. Eleza modeli, tarehe ya kutengenezwa, kilichotokea, na kama kuna mtu aliyepima gesi. Kipimo cha wazima moto kwa ppm, kikiwekwa kando ya ukimya wa king'ora chako, kina uzito kuliko kurasa tatu za malalamiko, kwa hiyo waombe wakuandikie. Kisha hifadhi kifaa kama kilivyo ndani ya mfuko, bila kukisafisha, kukifungua wala kubadilisha betri, kwa sababu maabara watataka kukiona katika hali ileile kilichokuwa nayo ukutani. Kisheria, kiwanda kinachopata habari kwamba bidhaa yake ina kasoro inayoweza kuleta hatari kubwa kinatakiwa kuiarifu CPSC ndani ya saa 24. Taarifa yako, ikiwa na modeli na tarehe, inaweza kuwa ndiyo inayoanzisha saa hizo.